WANAWAKE WALIOJIANDIKA WENYEWE

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mno katika vyumba vya habari, mpaka sasa yananipita sikioni kama honi za daladala. Eti mwanamke akiandika kuhusu maisha yake mwenyewe, huo ni udaku wa chumbani. Na akihangaikia sura ya ukurasa wake, rangi yake, mpangilio wake na aina ya mwandiko, basi ni kwa sababu hana la kusema. Mhariri mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake (jina lake halitusaidii hapa) alikuwa na msemo wake: maua mengi, asali hakuna.

Haya, ndugu msomaji, leo tuupime msemo huo. Twende mbali kidogo, miaka elfu moja nyuma, Japani, katika mji ambao leo unaitwa Kyoto na wakati huo ukiitwa Heian-kyo. Ulikuwa makao ya wafalme wao tangu mwaka 794. Nimeuchagua mji huo kwa sababu huko wanawake waliandika habari zao binafsi, wakapimwa kwa maneno yao na kwa sura ya karatasi zao kwa pamoja, na mpaka leo wao ndio wanaosomwa kuliko waume zao.

Kwanza jambo la lugha, maana bila hilo hutaelewa kitu. Wanaume wa serikali ya Heian waliandika Kichina. Kichina kilikuwa kwao kama Kiingereza kilivyo kwetu: lugha ya ofisi, ya sheria, ya mitihani na ya kuringia. Mwanaume aliyetaka cheo alikisoma tangu utoto. Nyumbani kila mtu alizungumza Kijapani, na Kijapani kilikuwa kimepata herufi zake rahisi za sauti, kana, zilizotokana na kuzilainisha zile za Kichina. Mwandiko huo laini uliitwa onnade, yaani mkono wa kike. Wanaume nao waliutumia, hasa kwenye mashairi na barua za mapenzi, lakini ukiwaambia waandike shajara waliandika kwa Kichina, kavu kabisa.

Mfano ni Fujiwara no Michinaga, mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote nchini mwake mwanzoni mwa miaka ya 1000. Shajara yake ya kati ya mwaka 998 na 1021 ipo, na sehemu yake ipo kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Aliiandika kwenye magombo ya kalenda, katika nafasi iliyoachwa kati ya siku na siku: nani alikuja, nani hakuja, zawadi gani zilitolewa, mvua ilinyesha au haikunyesha. Wanahistoria wanaishukuru sana, na wana haki. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema ilimkosesha usingizi.

Mwanaume mmoja aliligundua tatizo hilo mapema. Ki no Tsurayuki, mshairi mkubwa, alimaliza kazi ya ugavana huko Tosa na akasafiri kurudi mji mkuu kwa siku 55. Mnamo mwaka 935 aliandika habari za safari hiyo kwa Kijapani, akijifanya kuwa mwanamke. Kwa nini? Katika safari hiyo kulikuwa na msiba wa mtoto wa kike aliyefia Tosa, na inaelekea Kichina cha ofisini hakikuwa na mahali pa kuuweka. Sasa fikiria hilo kidogo: gavana mzima anaazima sauti ya mwanamke ili apate kulia.

Wa kwanza kuichukua sauti hiyo kwa haki yake ni yule tunayemjua kama Mama Michitsuna. Sifanyi utani, ndivyo vitabu vinavyomtaja: mama yake Michitsuna. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea. Sisi tunaoita majirani zetu Mama Asha na Mama Juma kwa miaka ishirini bila kujua majina yao halisi hatuna sababu ya kushangaa. Shajara yake, Kagero Nikki, inaanzia mwaka 954 hadi 974, na habari yake kwa neno moja ni uke wenza. Mumewe, Fujiwara no Kaneie, ambaye ndiye baba wa yule Michinaga, alikuwa na mke mwingine kabla yake na wengine baada yake. Kwa desturi yao mke alikaa kwake na mume akaja usiku. Kwa hiyo ndoa nzima ilipimwa kwa sauti ya mlango: amegonga au hajagonga.

Mwanzoni kabisa mwa kitabu anasema kwamba hadithi za zamani zimejaa uongo, na yeye ataandika maisha ya mwanamke wa tabaka lake jinsi yalivyo. Kisha inafika barua ya kwanza ya posa kutoka kwa Kaneie. Unadhani mama huyu anatazama nini kwanza? Karatasi! Anaona si karatasi ya kuandikia barua ya namna hiyo. Halafu anautazama mwandiko na kuona ni mbaya mno kwa mtu anayesifiwa kiasi kile. Mhariri wangu angesema, unaona, maua. Mimi nasema huyu mwanamke ameisoma ndoa yake yote ya miaka ishirini katika karatasi moja. Mtu asiyejisumbua siku ya posa atajisumbua lini?

Ni lazima nieleze kidogo, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwanamke wa hadhi hakuonekana ovyo. Alikaa nyuma ya pazia, na mwanaume angeweza kuandikiana naye miezi mingi bila kumwona uso. Barua ndiyo iliyokuwa uso wake. Rangi ya karatasi ililinganishwa na majira, karatasi ikatiwa manukato, ikakunjwa kwa namna yake, ikafungwa kwenye tawi la mti au ua linalokwenda na shairi lililo ndani. Wino ulikolezwa hapa na kupauka pale kwa makusudi. Mistari ya shairi haikupangwa kama askari kwenye gwaride, mmoja ulianzia juu, mwingine chini zaidi, mwingine ukaachwa peke yake pembeni, na ile nafasi tupu nayo ilihesabiwa. Alfajiri moja Kaneie alikuja kugonga, Mama Michitsuna akakataa kumfungulia kwa sababu alijua anatoka kwa nani, naye akaenda zake huko huko. Asubuhi alimpelekea shairi, na pamoja nalo ua la krisanthemumu lililokwisha kupauka rangi. Ua lile ni sehemu ya sentensi. Ukiliondoa, umeihariri barua vibaya.

Na huyu mama hajipambi. Mtoto wa yule mwanamke mwingine alipofariki, anaandika wazi kwamba alipata nafuu moyoni. Ni mambo mabaya hayo, na aliyaandika mwenyewe, juu yake mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Katika wote nitakaowataja leo, kwa ujasiri nampa yeye nafasi ya kwanza.

Kwa sentensi tamu nampa Sei Shonagon, na sidhani kama kuna ubishi mkubwa. Alimtumikia Malkia Teishi kuanzia mnamo mwaka 993. Anasimulia mwenyewe jinsi malkia alivyopata karatasi nyingi kutoka kwa kaka yake, akauliza zitumike kwa nini, Shonagon akajibu kwamba zingefaa kuwa mto wa kulalia, naye akapewa. Hicho ndicho Makura no Soshi, Kitabu cha Mto. Wanazuoni hadi leo wanabishana alimaanisha nini kwa neno mto. Ndani yake kuna visa vya ikulu, mawazo ya kupita, na orodha, orodha tele: vitu vinavyoudhi, vitu vinavyoupigisha moyo, vitu vya aibu. Mgeni anayeongea bila kuondoka siku una haraka. Unywele ulionaswa kwenye jiwe la wino. Mpenzi anayepapasa gizani alfajiri akitafuta feni yake, huku akinung'unika, badala ya kuaga vizuri. Ana jicho kali na hana huruma kwa maskini, hilo tuliseme, kuna kurasa zake zinazochefua kwa majivuno.

Lakini tazama alichokiacha. Baba yake Teishi alifariki mwaka 995. Mwaka uliofuata kaka yake, yule yule wa karatasi, akapelekwa uhamishoni. Michinaga akamwingiza binti yake Shoshi ikulu, na mwaka 1000 mfalme akawa na malkia wawili. Mwishoni mwa mwaka huo huo, kwa kalenda yao, Teishi akafa katika uzazi. Shonagon alikuwepo. Ukikisoma kitabu chake unakuta vicheko, mavazi, theluji uani, na malkia aking'aa katikati ya yote. Wapo wanaomwona mwepesi kwa sababu hiyo. Mimi namwona mtu aliyeamua kwamba mahali pengine popote bibi yake anaweza kushindwa, isipokuwa katika karatasi hizi.

Aliyemwona mwepesi kuliko wote alikuwa mwanamke mwenzake. Murasaki Shikibu, mwandishi wa Genji Monogatari, alimtumikia Shoshi, upande wa washindi, na shajara yake inahusu miaka ya 1008 hadi 1010. Humo anafanya kazi tunayoiita leo uhakiki. Anawapima wenzake mmoja mmoja. Izumi Shikibu ana kipaji cha barua lakini mwenendo wake, mmh. Akazome Emon ana utulivu na heshima. Shonagon anapigwa marungu: amejaa majivuno, anatawanya herufi za Kichina katika maandishi yake, na ukizichunguza utakuta zina kasoro, na watu wa aina hiyo mwisho wao hauwi mzuri.

Ni ukatili, na siamini kwamba ni wa kifasihi mtupu. Murasaki mwenyewe alikijua Kichina vizuri. Alikiokota kwa kusikiliza masomo ya kaka yake, akamshinda, mpaka baba yao akasikitika kwamba hakuzaliwa mwanaume. (Binti mfalme wetu wa Unguja, Salme, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia kwamba alijifundisha kuandika kwa siri kwenye mfupa wa bega la ngamia. Hawa wangeelewana.) Ikulu Murasaki alijifanya hawezi kusoma hata maneno yaliyoandikwa kwenye viambaza vya mapambo, kwa kuogopa midomo, na mashairi ya Kichina alimfundisha Shoshi kwa kificho. Sasa mtu anayejificha hivyo akimwona mwenzake anajianika mchana kweupe, atapenda?

Lakini shajara hiyo hiyo inatuonyesha kitabu kikizaliwa kwa mikono. Mwaka 1008, Shoshi akiwa amejifungua mtoto wa kiume majuma machache tu nyuma, wanawake wake walikaa siku nzima wakichagua karatasi za rangi mbalimbali, wakizituma pamoja na nakala za hadithi kwa watu wenye mwandiko mzuri, huku wengine wakishona majalada. Michinaga akawa ananung'unika kwamba mzazi ataugua kwa baridi, na huku analeta karatasi bora, kalamu za brashi na wino. Na kuhusu kuzaliwa kwenyewe, Murasaki anatupa chumba kilichofunikwa vitu vyeupe, waganga wakipiga kelele kufukuza pepo, na babu Michinaga akikojolewa na mjukuu na kufurahi mno. Nenda sasa kwenye magombo ya Michinaga ukamtafute huyo babu aliyelowa.

Wa nne nitampitia haraka, ingawa ndiye anayenichekesha kwa kufanana na marafiki zangu. Ni binti wa Sugawara no Takasue, aliyezaliwa mwaka 1008, na Mama Michitsuna alikuwa dada ya mama yake. Alikulia mkoani akiota kuisoma Genji yote, na alipoipata kwa shangazi mmoja mjini, ikiwa kwenye sanduku, alijifungia akasoma usiku na mchana. Uzeeni aliandika Sarashina Nikki akijilaumu kwa muda alioupoteza. Kitabu chake kilinakiliwa katika karne ya 13 na mshairi Fujiwara no Teika. Baadaye nakala hiyo ilifumuka, ikashonwa upya kurasa zikiwa zimechanganyika, na nakala nyingine zote zikatoka humo. Kwa karne kadhaa watu walisoma maisha ya mwanamke huyo yakiruka mbele na nyuma, wakidhani ndivyo alivyoandika, hadi miaka ya 1920 mpangilio uliposahihishwa. Anayesema mpangilio wa ukurasa ni mapambo tu akamuulize binti wa Takasue.

Picha ya Murasaki ipo kwenye noti ya yeni 2,000 iliyotolewa mwaka 2000. Jina hilo si lake: Murasaki, yaani zambarau, ni mhusika wa kitabu chake, na Shikibu ni idara ya kazi ya baba yake. Tunazo nakala za watu wengine. Hatuna hata karatasi moja iliyoguswa na mkono wa yeyote kati ya hawa wanne.

Anayetaka kuwasoma kwa Kiingereza aanze na Shonagon, tafsiri ya Ivan Morris ya mwaka 1967, au ya Meredith McKinney ya mwaka 2006. Ukifungua, usianze ukurasa wa kwanza. Tafuta orodha ya vitu vinavyoudhi.