Sakafu Iliyo Juu ya Vichwa Vyetu

Neno sakafu asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni paa. Watu wa pwani walilitumia kwa paa bapa la nyumba ya mawe na pia kwa mahali pakanyagwapo, wala hawakukosea: katika nyumba ya ghorofa, paa la aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, karne ya 19, paa hilo lilijengwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Kazi kubwa ilifuata baadaye. Kundi la watu lilipanda juu na vipande vya mti, likaipiga chokaa mbichi kwa siku kadhaa, kwa wimbo na mdundo mmoja, hadi ikashikana. Hapakuwa na dawa ya dukani. Mikono ndiyo iliyozuia maji.

Lakini chokaa yataka kutunzwa kila mwaka. Ilipoachwa ikapasuka, masika ilipenya na boriti zikaoza. Wenye nyumba wengi hatimaye walifunika sakafu zao kwa mabati, na mji huo ukitazamwa kutoka juu leo ni mji wa mabati.

Wazee wetu nao walitoka Gujarat na mazoea yao. Nyumba za kale za Ahmedabad zina agasi, yaani paa la kupumzikia, na chini ya ua lipo tangi la maji ya mvua ya kunywa. Agasi ilifagiwa kabla ya msimu, na mvua ya kwanza ikaachwa imwagike. Paa linalonywesha jamaa nzima halisahauliki.

Saruji na nondo zilipoenea Dar es Salaam, paa bapa likawa la zege, na juu yake vikapangwa vigae. Hapo ndipo wengi walipodanganyika. Kigae hakipitishi maji, lakini maungio yake hupitisha. Jua hukitanua mchana, usiku husinyaa, na nyufa huanza. Maji husafiri chini ya vigae na kudondoka mbali na yalipoingilia; kupaka rangi penye doa ni kazi bure. Nondo huota kutu, kutu huvimba, zege likapasuka.

Ndiyo hali ya paa la ukumbi wetu hapa Chang'ombe. Wapo wanaotaka vigae vipya juu ya vile vya zamani. Napinga: tutaongeza uzito, na maji yatabaki palepale. Vigae ving'olewe, zege lililooza litengenezwe, pawekwe mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye mabomba, kisha tabaka la lami lipandishwe hadi ukutani. Gharama si ndogo, na wafadhili (nasema kwa heshima) hupenda jina lao lichorwe kwenye marumaru ya mlangoni kuliko kwenye bomba la maji machafu.

Kabla ya vigae kurudi, mabomba yazibwe na paa lijazwe maji kwa saa 24. Dari likilowa hata tone moja, fundi aanze upya.