Mngwa wa Pwani ya Lindi



Sisi watu wa pwani tuna methali isemayo: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni maneno ya hekima, lakini yakitumiwa bila ya kufikiri huwa mlango wa kupitishia kila uvumi. Kwani methali imesema lipo, haikusema ni lipi. Hebu tutazame kisa kimoja cha upande wetu huu.

Mwaka 1922 palikuwa na Mwingereza aitwaye William Hichens, hakimu wa serikali ya kikoloni upande wa Lindi. Hakuwa mtaalamu wa wanyama. Alikuwa mtu mwenye shauku ya kujua. Ndiye aliyekuja kuhariri Al-Inkishafi mwaka 1939, na mashairi ya Muyaka bin Haji mwaka 1940. Kwa maelezo yake, usiku mmoja askari aliyekuwa akilinda soko alikutwa ameraruliwa, amekufa, na mkononi ameshika fungu la nywele za kijivu. Asubuhi akaja liwali, mzee wa Kiarabu mwenye elimu, pamoja na watu wawili waliosema wameona kwa macho yao. Habari yao ilikuwa moja: huyu si simba wala si chui, huyu ni mngwa, paka mkubwa kiasi cha punda.

Hichens hakucheka. Alichukua zile nywele akazipeleka kupimwa. Jibu likarudi kwamba huenda ni za paka. Msomaji, angalia neno hilo "huenda". Halikumaliza shauri, maana simba na chui nao ni wa jamii ya paka. Mnyama akatafutwa, asipatikane.

Tena huko Mchinga aliletewa mwindaji amebebwa kwenye machela, amejeruhiwa vibaya. Alikuwa mtu shujaa, aliyekwisha kufuatana naye mara nyingi kuwinda simba na tembo. Naye akasema ni mngwa. Hichens akajiuliza: mtu kama huyu ana haja gani ya kusema uongo?

Swali zuri, lakini halitoshi. Mtu aweza kuwa mkweli na bado akakosea. Mwindaji yule alishuhudia kucha, meno na kiza. Jina alilitoa katika hadithi alizozisikia tangu utotoni. Ukweli wa msemaji ni jambo moja, na usahihi wa alichokisema ni jambo la pili. Ndiyo maana wanazuoni wetu wa hadithi hawakutosheka na uaminifu wa mpokezi peke yake. Walipima pia hifadhi yake, na aliipokea habari kwa nani.

Lakini mwenye kukanusha naye asifanye haraka. Yuko samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika ya Kusini. Wa pili akapatikana katika Visiwa vya Komoro mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa visiwa vile walikuwa wakimjua siku zote kwa jina la gombessa. Mwaka 2003 akavuliwa hapa kwetu, Songo Mnara, Kilwa. Basi wavuvi walisadikiwa kwa kuwa samaki mwenyewe aliwekwa juu ya meza, akapimwa na kila mwenye macho. Mngwa hajawekwa juu ya meza hata leo.

Utasema: yatuhusu nini? Yatuhusu roho za watu. Wataalamu walihesabu kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu 563 nchini Tanzania, na wengi wao walikuwa wa mikoa ya kusini na pwani, Lindi ikiwamo. Wakatafuta sababu, wakaona nguruwe mwitu huja kula mazao, mkulima hulala shambani kuwafukuza, na simba huwafuata nguruwe. Tena wakaona hatari huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu, kiza kinapoingia mapema jioni. Elimu hii inaokoa. Aliyetosheka na jina la mngwa hakuwahi kuuliza habari za nguruwe wala za mwezi.

Na liko lililo baya zaidi. Ng'ambo ya Ruvuma, wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, simba walishambulia watu mwaka 2002 na 2003. Uvumi ukasema simba wale wametengenezwa na wachawi. Watu wakawaua majirani zao, na simba wakaendelea kula.

Katika hadithi ya Nunda, ambayo Edward Steere aliisikia Unguja na kuichapisha mwaka 1870, kijana anakwenda kumwinda mla watu. Kila akiua mnyama humleta nyumbani, na mama yake humtazama akamwambia huyu siye. Kijana hurudi porini mpaka ampate mwenyewe. Mama yule hakumkubalia mwanawe asilolileta.

Basi, ndugu yangu, ukikuta unyayo mgeni karibu na shamba lako, upime kwa kijiti. Ukipata unywele, ufunge katika karatasi safi, maana siku hizi unywele mmoja wenye shina waweza kumtaja mwenyewe. Wapelekee habari maofisa wa wanyamapori siku ile ile. Watoto waingize ndani mapema. Na jina la jirani yako usilitie katika habari hiyo.