Biashara ya mtu mmoja au kampuni (Kabongo)

Katika teritwari ya Kabongo, mkoani Haut-Lomami, uamuzi wa kufanya biashara peke yako au kuunda kampuni hutegemea deni kuliko ukubwa wa duka. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufuata sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika: afanyaye biashara kwa jina lake hudaiwa hata nyumba, ilhali mwenye hisa katika SARL (kampuni yenye dhima yenye kikomo) hupoteza alichochangia tu. Wapo wasemao kampuni ni gharama bure, kwani mkopeshaji bado hutaka nyumba iwe dhamana. Ni kweli, lakini dhamana hiyo humpa haki mkopeshaji mmoja, si kila mdai. Muuza mahindi kwa kopo, asiyekopa, atosheke na tamko la bure la mjasiriamali mdogo. Anayekusanya magunia kwa mkopo aunde SARL, hata akiwa peke yake.