Nderema

Msomaji wa pwani alisikiapo neno nderema, aghalabu fikira zake huelekea kwenye vifijo, ngoma na furaha za arusi. Lakini afikaye soko la Mosocho, kwenye barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Kisumu, akamkuta mama ameketi mbele ya mafungu ya majani manene, yang'aayo kana kwamba yamepakwa mafuta, ataambiwa ya kuwa hiyo ndiyo nderema, au enderema kwa Ekegusii, mboga itambaayo juu ya ua na miti, ambayo Linnaeus aliipa jina la Basella alba mwaka 1753.

Vunja shina lake, ute utakunata vidoleni. Minya tunda lake lililoiva, jeusi mfano wa zambarau, nayo maji yake mekundu yatakutia doa nguoni. Ute huo ndio hazina ya jikoni, kwani nderema hupikwa pamoja na chinsaga (mgagani) au managu (mnavu), ikazilainisha na kuutuliza uchungu wao, kisha zikaliwa kwa obokima, yaani ugali, moto.

Nahuzunika niwasikiapo vijana wakiiita spinachi, ilhali jina lake fasaha lipo, nalo lastahiki kidahizo chake katika kamusi, mbali na kile cha shangwe.

Siku moja pale Mosocho, nilipolipia fungu langu, mama muuzaji alinifungia majani, kisha akaniongezea kipande cha shina.

"Hiki usikitupe, mzee," akasema. "Kichomeke kando ya ua."