Maabara ya DSP: Pima volti kabla ya kuchomeka bodi

Meza ya mwanafunzi kwenye maabara ya DSP, yaani uchakataji wa mawimbi kidijitali, haina mambo mengi: kompyuta, bodi, osiloskopu na jenereta ya mawimbi (siyo ile ya umeme ukikatika).

Bodi iliyozoeleka vyuoni kwa miaka mingi ni TMS320C6713 DSK ya Texas Instruments. Prosesa yake ina kasi ya 225 MHz, bodi inatumia umeme wa volti 5 na inaongea na kompyuta kwa waya wa USB.

Ina matundu manne ya sauti yanayofanana, kama la eafoni kwenye simu. Hapo wengi hukosea. Tundu la maikrofoni hukuza mawimbi, hivyo ukichomeka jenereta humo utasikia sauti ya kukwaruza, halafu uilaumu programu yako bure. Jenereta inaenda LINE IN.

Kosa la gharama ni la volti. Jenereta nyingi zimesetiwa tangu kiwandani kudhani zimeunganishwa na kifaa chenye ukinzani wa omu 50. Ukinzani wa bodi ni mkubwa kuliko huo kwa mbali. Matokeo yake kioo kinasoma volti 1, bodi inapokea karibu 2. Ukiizidisha, unaweza kuunguza bodi ambayo darasa zima linaigombania.

Kwa hiyo badili seti ya jenereta iwe High Z, pima kwanza kwa osiloskopu, ndipo uchomeke. Na angalia swichi ya probu: ikiwa x10 huku osiloskopu ikisoma x1, volti 2 zitaonekana 0.2.