Chaki Kabla ya Rangi

Fundi wa kuchora mabango pale Mamboleo, kando ya barabara ya Kakamega, haanzi na rangi. Huanza kwa kupiga mistari ya chaki ukutani: kinyozi huku, mteja kule, halafu anarudi nyuma hatua chache kuangalia. Mkono wa kinyozi ukitoka mfupi, anaufuta kwa kitambaa na kuuchora upya. Kazi ikiisha, chaki yote imezikwa chini ya rangi.

Kazi ya namna hii ilipewa uzito mkubwa katika karakana za Italia mwanzoni mwa enzi ya Baroko. Mwaka 1595 Kadinali Odoardo Farnese alimwita Annibale Carracci kutoka Bologna aje Roma, na kuanzia 1597 msanii huyo akashika kazi ya kupamba dari la ukumbi katika jumba la Farnese. Kabla ya kupanda jukwaani, alichora maumbo ya watu mojamoja, akitumia chaki nyeusi kwenye karatasi ya buluu na nyeupe kidogo pale mwanga unapoangukia bega au goti. Chaki hiyo nyeusi ilikuwa jiwe laini la kuchimbwa. Nyekundu, iliyopendwa pia na wasanii wa wakati huo, ilikuwa udongo wenye chuma.

Umbo likishakubalika, lilikuzwa kufikia kipimo cha dari kwenye karatasi nyingi zilizogundishwa pamoja, kisha mistari yake ikahamishiwa kwenye lipu mbichi. Lipu haingoji: ikikauka, rangi haishiki tena. Kwa hiyo makosa yalipaswa kuishia kwenye karatasi. Mbili kati ya karatasi hizo kubwa, za Agostino, kaka yake Annibale, zimehifadhiwa National Gallery, London. Moja ina upana wa karibu mita 4.

Miaka minne kabla ya kazi ya dari la Farnese kuanza, Wareno walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, kwa ramani ya Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati. Ndani ya ngome hiyo kuna kipande cha ukuta chenye michoro ya mwanzoni mwa karne ya 17, inayohusishwa na askari na mabaharia wa Kireno: meli, watu, samaki. Imechorwa kwa weusi wa mkaa na udongo mwekundu, rangi mbili zilezile za karakana za Ulaya. Waliochora hawakuwa na kadinali wa kuwalipa wala dari la kujaza, na labda ndiyo maana hakuna aliyekuja kuifunika michoro yao kwa rangi.