Ayalandi na Makampuni ya Wageni

Ndugu wenzangu, tuliokaa darasa moja mtakumbuka kwamba katika jiografia Ayalandi ilikuwa nchi ya viazi, ng'ombe na mvua. Tuliyaandika hayo daftarini, tukayajibu katika mtihani, basi. Kumbe wakati ule ule nchi hiyo ilikwisha shika njia nyingine.

Ilipojitenga na Uingereza mwaka 1922, Ayalandi ilikuwa nchi ya wakulima. Tangu 1932 serikali yake ilitoza ushuru mkubwa bidhaa za nje, na sheria ikataka viwanda vipya viwe mikononi mwa wananchi. (Sisi wa enzi ya Azimio la Arusha hatuwezi kuwacheka.) Viwanda vilizaliwa, lakini soko lilikuwa dogo. Katika miaka ya 1950 watu wapatao 400,000 walihama, na waliobaki hawakufika milioni 3.

Ndipo mawazo yalipogeuka. Mwaka 1956 faida ya mauzo ya nje ilipewa nafuu ya kodi. Mwaka 1958 T. K. Whitaker, mtendaji mkuu wa Wizara ya Fedha, alitoa taarifa iliyotaka milango ifunguliwe. Kisa cha Shannon ndicho kinachonivutia zaidi. Ndege za kuvuka Atlantiki zilikuwa zikitua pale kujaza mafuta. Zilipokuja jeti zenye uwezo wa kupita moja kwa moja, uwanja ulikaribia kukosa kazi. Basi mwaka 1959 eneo la viwanda lisilotozwa ushuru lilianzishwa kando ya uwanja. Hata Wachina walikwenda kulitazama mwaka 1980, akiwamo Jiang Zemin, kabla hajawa mkubwa kwao.

Mengine yalifuata upesi: kuingia katika soko la Ulaya mwaka 1973, Apple kufika Cork mwaka 1980, kodi ya asilimia 10 kwa viwanda mwaka 1981, Intel mwaka 1989, na asilimia 12.5 mwaka 2003.

Lakini mgeni hakai daima. Mwaka 2009 Dell ilihamishia Poland kazi za kiwanda chake cha Limerick, na watu 1,900 wakakosa ajira. Mwaka 2015 pato la taifa lilitangazwa kukua kwa asilimia 26, hali mishahara ya watu haikukua hivyo: makampuni yalikuwa yamehamisha mali zao vitabuni tu. Tena katika miaka ya karibuni zaidi ya nusu ya kodi ya makampuni imetoka kwa makampuni 10. Ajabu kuu ni ya Septemba 2024, mahakama ya Ulaya ilipoamua kwamba Apple iilipe Ayalandi yuro bilioni 13, nayo serikali ya Ayalandi ilikuwa imepinga kulipwa!

Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya namna hiyo mwaka 1990, Tanzania mwaka 2002, na zote mbili ziliahidi msamaha wa kodi wa miaka 10. Mimi nauliza habari za mwaka wa 11. Wanaoisifu Ayalandi kwetu hutaja kodi yake, mara chache hutaja shule. Mwaka 1967 nchi hiyo ilianza kutoa elimu ya sekondari bila karo. Mtoto wa miaka 12 aliyeingia sekondari mwaka ule alikuwa na miaka 25 Apple ilipofungua mlango Cork.